Tente na Ule Mwingine

Mume wangu alikufa kwa uyoga. Naanza na neno hilo kwa sababu watu wengi, hata wajukuu wangu, wamesikia habari nyingine, na baadhi ya habari hizo nilizisikia mwenyewe zikisemwa kwenye bomba la maji la kambi ya wafanyakazi wa shaba, wasemaji wakidhani nimekwisha kwenda. Sikusoma sana. Masista walinifundisha kusoma, kuandika na kushona, basi. Lakini uyoga naujua.

Nilizaliwa upande wa Kasapa, nje kidogo ya mji wa Élisabethville, enzi ambapo kule kulikuwa msitu tu wa miombo na vichuguu virefu kuliko nyumba. Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, mama yangu alitupeleka kuchuma. Hakutufundisha kwa maneno mengi. Aliuchomoa uyoga, akaulaza kwenye kiganja, akatungoja tuseme. Mtoto akitaja jina upesi, mama alimpiga kidogo kwenye vidole na kumwambia, "Hujapindua." Kwetu uyoga hautajwi kwa kuangaliwa juu tu. Unapinduliwa, unanuswa, unachimbwa mpaka chini ya shina ili uone umekalia nini, halafu ndipo unautaja.

Ule tuliokula zaidi unaitwa tente. Unatoka ardhini ukiwa umefungwa ndani ya mfuko mweupe, kama yai. Kisha unaupasua mfuko, unauacha chini, unapanda juu. Kofia yake ni nyeupe, na katikati ina rangi ya maziwa yaliyoanza kuungua. Shingoni una kitu kama sketi fupi. Mikunjo ya chini ya kofia, ile iliyopangwa kama kurasa za kitabu, ni myeupe. Na ukingo wa kofia una mistari mifupi iliyosimama kama meno ya kitana.

Kuna na mwingine. Nao unatoka katika mfuko, nao una sketi, nao ni mweupe chini, nao unaota chini ya miti ileile, mara nyingine karibu na tente kiasi kwamba unaweza kuchuma aina zote mbili bila kunyanyua miguu. Katikati ya kofia una ukijani hafifu, lakini mvua ikiuosha huuoni. Ukingo wake ndio unaousema: ni laini. Pitisha kidole kwenye tente, inakwaruza. Pitisha kwenye ule mwingine, unateleza. Hatukuupa jina. Mama alisema tu "ule mwingine", na sisi tukafuata.

Kwa sababu hiyo alitukataza kabisa kuchuma mayai, yaani uyoga ambao bado umo ndani ya mfuko wake. Yai la tente na yai la ule mwingine hakuna anayeweza kuyatenganisha kwa jicho, kwa kuwa mistari ya ukingoni bado haijatokea. "Acha ikue," alisema, "itajisema."

Niliolewa na kijana wa Kasai aliyefanya kazi kwenye tanuru la shaba. Alikuja Élisabethville kwa treni akiwa kijana sana, pamoja na baba yake mkubwa, ambaye alikuwa seremala kwenye reli. Tulifunga ndoa kanisani. Baba mkubwa hakufurahi. Alisema wanawake wa kwao wapo tele kambini, kwa nini mtoto wao achukue mtu wa pori la hapa. Hakunisema kwa ubaya mbele yangu. Aliponisalimu alimwangalia mume wangu.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, msichana, mama mkwe alikuja kutoka Kasai kumwona. Alishuka kwenye treni na debe la mafuta ya ngazi, yaani mawese, kichwani, akakataa mtu yeyote asimsaidie. Nilimwogopa kwa muda mfupi tu. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye kucheka kwa sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Siku ya kwanza alionja bukari yangu, ndiyo ugali wetu, akaweka tonge chini.

"Mwana," aliniambia, "mwanaume wa tanuru anakula ukuta. Hii uliyopika ni uji wenye kusimama."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo nilisonga bukari hadi mkono ukaniuma, naye mama mkwe akawa anaigonga kwa kidole kama anayebisha mlango, ili kuona kama imekuwa ukuta.

Mama na mwanawe, jioni wakikaa uani, walizungumza Kiluba, na neno moja nililisikia mara nyingi: bowa. Mume wangu alinieleza kwamba ni uyoga, na kwamba kwao kuna wa mungazi, unaoota kwenye magogo ya michikichi yanayooza. Alikula tente yangu kwa furaha, lakini alisema si ule wa utoto wake. Aliponieleza alifumba macho. Michikichi sikuwahi kuiona. Hapa kwetu haipo.

Msimu wa mvua ulipofika, mdogo wangu alikaribia kujifungua, nikaenda kwa mama yangu Kasapa nikiwa na mtoto mgongoni. Mama mkwe alibaki ili kumpikia mwanawe. Nilipokuwa huko alikwenda na wanawake wa kambi kutafuta kuni, na chini ya miti akakuta kitu ambacho hakutegemea kukiona nchi hii: mayai meupe, mengi, yakisukuma udongo. Aliyajaza kwenye kitambaa chake cha kichwa. Hakumwonyesha mtu. Baadaye aliniambia aliona haya kidogo, alivyofurahi kama mtoto.

Aliyapika kwa mafuta aliyoyaleta mwenyewe. Yeye hakuonja. Yalikuwa ya mwanawe. Mwanawe alipotoka kazini mama alimwekea sahani, akakaa mbele yake kumtazama, na mume wangu alipomaliza alipangusa mchuzi kwa kidole akamwambia, "Mamu, leo niko kwetu."

Nilirudi kesho yake mchana nikamkuta mume wangu anatapika. Walikuwa wamemweka nje kwenye kivuli cha nyumba, mama yake akimshika kichwa. Tulimpeleka hospitali ya kambi. Daktari, Mzungu, alimuuliza alichokula, naye akajibu: bukari na bowa. Daktari alisema bowa hiyo ndiyo iliyomdhuru. Aliwaita watu wake wakamlaza.

Nilimuuliza mama mkwe ulikuwa uyoga wa namna gani. Alisema, "Wa kawaida, mwana. Nyeupe." Maganda na mifuko alikuwa amekwisha kuvitupa kwenye shimo la taka, na shimo lilikuwa limechomwa.

Halafu mume wangu akapata nafuu. Kutapika kulikoma, akaomba maji ya kuoga, akaomba mtoto, akamrusha juu kidogo kitandani na kuwaambia wagonjwa wenzake kwamba atarudi tanuruni kabla ya wao kutoka. Mama yake alizunguka kambi nzima kueleza. Mimi nilicheka pamoja nao. Lakini mama yangu alikuwa amenieleza kuhusu ule mwingine: kwamba unamwachilia mtu, watu wanashukuru, halafu unarudi kumchukua. Sikuwaambia wengine. Ningewaambia nini? Sikuwa nimeuona uyoga wenyewe.

Macho yake yakawa ya manjano, kisha ngozi. Akaacha kutujua. Alikufa asubuhi, wakati wanaume wa zamu nyingine wakipita barabarani kwenda kazini, wakipiga soga.

Baada ya maziko, kilio kikiwa bado kimekaa nyumbani kwetu, baba mkubwa aliniita mbele ya wanaume wa kwao. Nilikaa chini kwenye mkeka, mtoto mapajani. Kwa watu wa mume wangu kuna mwiko wanaouita cibawu. Mke aliyetoka nje ya ndoa akaficha, akaendelea kukaa katika nyumba ya mumewe, mume au mtoto anaweza kufa. Akisema, anaoshwa kwa dawa na yanakwisha. Akinyamaza, kifo ni chake. Sikuudharau mwiko huo, wala siudharau sasa. Niliolewa nikiujua, nikaushika.

Baba mkubwa alizungumza polepole. Alisema daktari ametaja bowa, na yeye hana ugomvi na daktari. Lakini bowa ile mama wa marehemu ameila tangu alipoota meno, na mama yake kabla yake, na wote waliokaa pale chini waliila kwao, na hakuna iliyemuua.

"Bowa ni ileile," alisema. "Basi ile siku ilipata nguvu wapi? Na weye hukukuwa hapa. Ulilala kwingine."

"Nililala kwa mama yangu, baba. Mdogo wangu alikuwa anazaa."

"Njo vile unasema. Muke wa mutoto wetu, hatuko bantu babaya. Sema, tutakuosha, utabakia na mutoto wako. Ukifunga kinywa, rudia kwenu, na mutoto atabakia kwetu."

"Siko na neno la kusema."

"Kila mwanamuke iko nalo," alisema mmoja nyuma, na wengine walicheka kidogo, kisha wakakumbuka wako kwenye kilio.

Nilipewa muda mpaka siku ya kuondoa kilio. Jirani yangu, mwanamke mwema aliyenipikia siku zote zile, alinishauri niseme uwongo mdogo. Nitaje mwanaume aliyekwisha kurudi kwao zamani, nioshwe kwa maji ya majani, nichinjiwe kuku, nibaki na mtoto wangu. Alinionea huruma, na shauri lake halikuwa baya. Nililifikiri sana. Lakini kwa mume wangu sikubakiwa na kitu ila hicho kimoja, kwamba sikumdanganya alipokuwa hai. Kama ningesema nilimdanganya, wangemzika mara ya pili. Na mtoto alikuwa amelala kifuani pangu, ananyonya, hajui kwamba anagawanywa. Sikujua nichague nini.

Mama mkwe hakunishtaki hata mara moja. Wala hakunitetea. Alikaa pembeni ya nyumba akitazama ukuta, chakula chake kikipoa.

Jambo lililonijia ni dogo. Baba mkubwa alikuwa amesema bowa ni ileile. Kila kitu alichosema kilikaa juu ya neno hilo. Nilimwendea mama mkwe nikamwomba anionyeshe mahali alipochuma. Mjane hatakiwi kutembea ovyo wakati wa kilio, lakini yeye alikuwa mwanamke mkubwa wa nyumba ile. Aliwaambia watu kwamba namsindikiza kuokota kuni, na hakuna aliyembishia.

Mvua ilikuwa imenyesha tena. Chini ya miti kulikuwa na mengine yameota, mayai na yaliyofunguka, na tente zilikuwapo pia. Mama mkwe alipiga magoti, akazungusha kidole gumba kwenye udongo, akalitoa yai bila kulivunja. Alikuwa na mkono mzuri. Mama yangu angempenda.

"Ni hii," alisema. "Tunaiokota ikingali imefunga. Njo inakuwa tamu. Ikifunguka, imezeeka."

Nilichuma tente iliyokomaa, na ule mwingine uliokomaa, nikaziweka mbele yake. Nikamwomba apitishe kidole.

"Hii inakwaruza," alisema. Akagusa ule mwingine. "Hii inateleza. Hii njo muzuri. Kwetu yenye kuteleza njo ya kula. Hii ya kukwaruza siijui."

Nilimuuliza kwao, ikifunguka na kuzeeka, chini inakuwa rangi gani. Alijibu bila kufikiri kwamba inakuwa nyekundu kidogo, kama ulimi wa mtoto. Nikaupindua ule mwingine. Ulikuwa umezeeka mpaka umeanza kupasuka, na chini ulikuwa mweupe.

Aliuchukua mkononi mwangu. Akautazama. Akautupa, akachuma mwingine, akaupindua, mweupe. Akaenda kwa magoti mpaka kwenye mti wa pili, akachuma, akapindua. Sikumfuata. Alipindua wote uliokuwa pale, mkubwa na mdogo, uliooza na ulio mzima, akitafuta ule wekundu, na kila mmoja ulikuwa mweupe. Alipokwisha alibaki amekaa kati ya uyoga uliolala chali, akainua uso akaitazama miti, mmoja mmoja, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Hapa hakuna mungazi," alisema.

Akaanza kupangusa mikono kwenye majani. Alipangusa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ningekuwapo siku ile ningemwambia.

"Ningekuambia, mama."

Nilijua jibu hilo litamchoma. Lakini aliuliza, na hilo ndilo lililokuwa kweli.

Niliweka tente na ule mwingine kwenye kikapu. Sikuwa nimeamua la kufanya. Nikisema, naokoa mtoto wangu na jina langu, lakini nawaambia watu kwamba mama amempikia mwanawe kifo. Nikinyamaza, yeye anabaki mama aliyefiwa, nami naondoka mikono mitupu. Tulipofika kwenye barabara ya kambi alininyang'anya kikapu akakibeba mwenyewe.

Siku ya kuondoa kilio wanaume walikaa, wakaniita tena. Kabla baba mkubwa hajauliza, mama mkwe aliingia kati yao, jambo ambalo mwanamke wa kwao hafanyi, akamimina uyoga kwenye mkeka. Ulikuwa umenyauka, lakini ukingo ulionekana. Alisema, "Miye njo niliokota. Miye njo nilipika. Huyu mwanamuke hana kosa."

Baba mkubwa alimwambia mke wa mdogo wake aketi, msiba umemchosha, bowa ni bowa. Hakuketi. Aliwashika mikono mmoja mmoja, wanaume wazima, akawapitishia vidole kwenye ukingo, huu na huu. Aliwaambia kuhusu wekundu ambao haupo. Mmoja alisema kwamba sasa wanasomeshwa pori, lakini hakucheka mtu. Wote walikuwa wameila bowa ya mungazi utotoni, na wote walijua kwamba ni nyekundu chini. Hapakuwa na mmoja aliyeweza kusema ile iliyolala mkekani ni ileile.

Nilidhani yamekwisha. Baba mkubwa alimwangalia mama mkwe jinsi alivyokuwa akiniangalia mimi.

"Basi ni weye," alisema.

Nilizungumza bila kuulizwa. Nilisema hakujua. Nilisema hata mimi wangenipeleka kwao, chini ya michikichi yao, ningeacha uyoga mzuri na kuchuma mbaya, na pengine ningemuua mtu niliyempenda. Nilisema kofia zinafanana, mifuko inafanana, na nchi ndiyo tofauti.

"Kufanana kwa bowa hakuui muntu," alijibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa mzee aliyemlea mume wangu tangu alipokuja, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. "Muntu akikufa, iko muntu alimuua."

Waliamua mtoto abaki nami. Hawakuniomba tena kusema lolote wala kuoshwa. Mama mkwe angerudishwa Kasai, wazee wa kule wamwone na kusema watakalosema. Nilipata nilichokitaka, na nilitoka katika nyumba ile nikiwa na mtoto wangu mgongoni na sikuweza kuwatazama majirani.

Siku ya safari nilimsindikiza stesheni peke yangu. Wanawake wa kambi waliokuwa wakimtembelea walikuwa na kazi. Nilimpa mtoto kupitia dirisha la treni, akamnusa kichwani, akamrudisha mwenyewe kabla sijamwomba. Tulikaa hivyo, yeye ndani, mimi chini, watu wakipitisha mizigo kati yetu.

"Ya kukwaruza njo ya kula," alisema.

"Ndiyo, mama. Hapa kwetu."

"Na ile yetu ya mungazi? Itakuwa ingali ileile?"

Niliona anachokitafuta. Alitaka mtu amwambie kwamba alichojua maisha yake yote hakikuwa uwongo, kwamba akifika nyumbani anaweza kuamini tena mkono wake. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ningelisema, na labda lingekuwa kweli.

"Sijui, mama. Kwenu sijafika."

Akaitikia kwa kichwa. Treni ilipoanza kuondoka alikuwa bado ananitazama, kama anayengoja niongeze neno.